Foleni ya Uhamiaji na Mpango wa Mungu

Katika nyumba nyingi za Thika na Ruiru, habari kwamba mtu ameachwa na ndege hupokewa kwa sentensi moja kabla hata chai haijamiminwa: "Shukuru Mungu, mwanangu, hujui amekuepusha na nini." Mama ataisema, shosho ataisema, na mzee wa kanisa aliyekuja juzi kuiombea safari ataisema pia. Hutoka moyoni. Aliyeachwa, sanduku lake likiwa bado limezungushiwa plastiki pale sebuleni, huitikia kuwa ni kweli, maana adabu haimpi jibu jingine. Usiku, nyumba ikishatulia, hurudi kwenye simu yake na kutazama bei ya tiketi mpya.

Sentensi hiyo imebeba teolojia nzima, na anayeiheshimu hana budi kuiuliza maswali. Kama kuachwa na ndege ni mpango wa Mungu, je, foleni iliyomchelewesha msafiri ni mpango wake vilevile? Afisa wa uhamiaji aliyeinuka dirishani na kuondoka huku watu wamepanga mstari hadi mlangoni, naye alikuwa akitimiza kudra? Na kama ndivyo, nani atalalamikiwa? Kuna faraja ambayo ni dawa, na kuna faraja ambayo, ikihama kinywa kimoja kwenda kingine, huwa kifuniko cha uzembe. Kutenganisha hizo mbili si kazi ya wanateolojia peke yao. Ni kazi ya kila familia iliyowahi kuchanga nauli.

Msafiri wa Thika huanza kuhesabu saa mapema. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, ilifupisha sana safari ya kuingia Nairobi, lakini uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko Embakasi, ng'ambo ya jiji. Wengi hukatia Ruiru, wakaingia Eastern Bypass pale Kamakis kwenye moshi wa nyama choma, wakapita Ruai na Utawala hadi Barabara ya Mombasa. Siku njema mtu wa Ruiru hufika kabla saa moja haijaisha. Siku mbaya, lori moja likizimika katikati ya njia, hakuna awezaye kuapa atafika lini.

Kabla ya majengo ya abiria kuna kizuizi cha usalama. Abiria hushuka garini, hupita kwa miguu kwenye mashine ya ukaguzi, kisha humtafuta dereva wake upande wa pili. Mlangoni kuna ukaguzi tena. Halafu ni kaunta ya shirika la ndege, na pale kwenye mizani ndipo watu hufungua masanduku hadharani, wakatoa pakiti za unga na majani ya chai kwa sababu kilo zimezidi, na kumrudishia ndugu aliyewasindikiza, ikiwa bado hajaondoka. Yote hayo yakiisha, msafiri hudhani amemaliza. Ndipo hupinda kona na kuona mstari wa uhamiaji umejikunja mara nne kati ya kamba.

Afisa hupokea pasipoti, huifungua kwa kidole gumba, huiweka kwenye kisomeo, hutazama skrini, hutazama uso. Unakwenda wapi? Kufanya nini? Nani atakupokea? Kisha hutafuta ukurasa wenye nafasi, na muhuri hugonga. Kwa mtu mmoja ni jambo la dakika. Lakini mtambo ukikwama, afisa huegemea kiti na kungoja, na mstari mzima nyuma yake hungoja pamoja naye bila kuambiwa unangoja nini. Ndege tatu za kimataifa zikipangwa kuondoka karibu wakati mmoja, na zamu ya maafisa ikawa ni ileile ya saa tulivu, hesabu inakataa. Huhitaji shetani wala malaika kuieleza.

Hapo ndipo tiketi ya bei nafuu huonyesha upande wake wa pili. Mashirika ya aina hii, tangu Southwest ilipoanza kuruka Texas mwaka 1971, yamejengwa juu ya wazo moja: ndege huingiza pesa ikiwa angani, si ikiwa imeegeshwa. Kwa hiyo hutua, hushusha, hupakia na kupaa tena haraka. Ryanair ya Ireland imezoea kufanya hivyo kwa dakika 25 tu. Wazo hilo lilifika Kenya na kuwafaa watu wengi. Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ilianza safari Aprili 2014 kwa nauli iliyotangazwa kuanzia shilingi 2,850, na watu waliokuwa wamezoea basi la usiku la Mombasa wakaonja kwenda kwa saa moja. Baadaye ikavuka mipaka, Entebbe mwaka 2018 na Zanzibar mwaka 2024, na hapo dirisha la uhamiaji likaingia kati ya abiria na kiti chake.

Bei ile hutokana na ukali wa saa. Geti la Ryanair hufungwa dakika 20 kabla ya ndege kuondoka, la easyJet dakika 30. Kondakta wa matatu ya Thika akimwona mtu anakimbia huku akipunga mkono, hugonga bati na gari husimama. Ndege haina wa kugongewa bati. Tiketi ya bei ya chini kwa kawaida hairudishwi pesa, na ndege inayofuata huenda ikawa ya kesho au ya keshokutwa. Mwenye tiketi ya daraja la juu, katika viwanja vingi vya dunia, ana njia yake fupi ya kupitia. Kwa hiyo mzigo wa foleni humwangukia yule ambaye hakuwa na uwezo wa kununua muda: fundi anayefuata kazi ya miezi sita, mama anayekwenda kumwona binti aliyejifungua Uarabuni, mwanafunzi, mchuuzi wa nguo. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo faraja ya sebuleni hulipita haraka mno. Foleni haimpati kila mtu sawasawa.

Mwaka 1982 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walitoa matokeo ya jaribio dogo ambalo kila aliyewahi kuachwa na ndege ataona linamhusu. Waliwapa watu kisa cha mabwana wawili, Crane na Tees, waliotoka mjini kwa gari moja kwenda uwanja wa ndege. Kila mmoja alikuwa na ndege yake, na zote mbili zilipangiwa kuondoka wakati mmoja. Walikwama kwenye msongamano, wakafika wakiwa wamechelewa nusu saa. Crane aliambiwa ndege yake imeondoka kama ilivyopangwa. Tees aliambiwa yake ilicheleweshwa, imeondoka dakika tano tu zilizopita. Nani ameumia zaidi? Asilimia 96 ya walioulizwa walisema Tees.

Hasara yao ni moja. Wote wamelala Nairobi, tuseme, badala ya kule walikokusudia. Tofauti ni kwamba moyo wa Tees una njia fupi ya kurudi nyuma na kuitengeneza siku upya: laiti taa ile ingekuwa kijani, laiti tungepita kushoto. Na aliyeachwa kwa sababu ya foleni ya uhamiaji ni Tees wa kweli kweli. Amekwishaingia ndani. Mzigo wake umekwishapimwa. Anasikia jina lake likiitwa kwenye kipaza sauti huku watu kumi na wawili wakiwa mbele yake. Akili yake hutafuta kitu cha kubadilisha, na hukamata kilicho karibu: ile chai ya pili nyumbani, kule kusimama Kamakis kuweka mafuta, ile dakika ya kumkumbatia mtoto. Ni nadra kumfikiria mtu aliyepanga zamu za siku hiyo, kwa kuwa hamjui jina wala sura. Hivyo hujilaumu yeye, aliyekuwa na uwezo mdogo kuliko wote.

Ndiyo maana maneno ya mama na shosho hayafai kudharauliwa. Yanapomwambia mtu kwamba jambo hili lilikuwa kubwa kuliko chai yake ya pili, humtua mzigo usiokuwa wake. Yakobo, katika sura ya nne ya waraka wake, anawaonya wafanyabiashara wanaopanga kwenda mji fulani kukaa mwaka mzima na kupata faida, kana kwamba kesho wanaimiliki. Sura ya Al-Kahf, ambayo Waislamu wengi huisoma kila Ijumaa, inamkataza mtu kuahidi jambo la kesho bila kulifunga kwa mapenzi ya Mwenyezi Mungu. Mkristo na Mwislamu wa Thika huenda wakagawana kiti cha matatu wakielekea uwanjani, na wote wawili wamefundishwa kwamba safari ni ya kuazima. Imani hiyo ina ukweli ambao ratiba ya ndege haina.

Lakini faraja hiyo huwa imekwenda mbele zaidi. Haisemi tu kwamba kesho si yako. Inasema umeepushwa na kitu. Na Wakenya wana sababu nzito ya kuisema hivyo.

Jumapili ya tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines nambari 302 ilipaa kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Dakika sita baadaye ilianguka karibu na Bishoftu, ikaua watu wote 157 waliokuwemo. Wakenya waliokufa walizidi 30. Hakuna nchi iliyopoteza wengi kuliko Kenya. Mgiriki mmoja, Antonis Mavropoulos, aliyekuwa akija Nairobi kwenye mkutano wa mazingira wa Umoja wa Mataifa, alifika getini dakika mbili baada ya kufungwa. Aliachwa. Alipopata habari aliweka picha ya tiketi yake Facebook na kuiita siku yake ya bahati, na kisa chake kikazunguka dunia. Makanisani Kenya kilihubiriwa. Tangu siku hiyo, kila anayeachwa na ndege huletewa Mavropoulos awe shahidi.

Ni shahidi halali kwa nafsi yake. Mtu aliyenusurika ana haki ya kupiga magoti, na mwenye kumkataza hana moyo. Shida huanza shukrani yake inapogeuzwa kuwa kanuni, maana kanuni lazima iwajibu na wale 157. Paul Njoroge, Mkenya aliyekuwa akiishi Kanada, alipoteza katika ndege hiyo mke wake, watoto wao watatu, na mama mkwe wake. Mtoto mdogo alikuwa na miezi tisa. Je, wao walifika mapema kwa mpango wa nani? Dirisha la uhamiaji lililowapitisha haraka lilikuwa dirisha la nani?

Swali hili liliulizwa zamani, na jibu lake limo katika Injili ya Luka, sura ya 13. Mnara uliporomoka pale Siloamu na kuua watu 18. Yesu aliwauliza waliomzunguka kama walidhani wale waliofunikwa na mnara walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu, akalikataa wazo hilo waziwazi. Hakutoa hesabu ya nani kaokolewa na kwa nini. Ni mafundisho magumu, na hayahubiriwi mara nyingi, kwa sababu yanamnyang'anya mtu aliyesalimika raha ya kujiona amechaguliwa.

Njoroge mwenyewe alichukua njia nyingine. Julai 2019 alikwenda Washington, akaketi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, na kuwaambia wabunge kwamba Boeing ilikuwa imejaribu kuwatupia lawama marubani wa kigeni. Uchunguzi ulikuwa umeonyesha kwamba mtambo wa ndege hiyo, 737 MAX, ukiongozwa na kihisio kimoja kilichokosea, uliisukuma pua ya ndege chini tena na tena. Miezi isiyotimia mitano kabla ya ajali ile ya Bishoftu, Oktoba 2018, ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia na watu 189 wakafa. Mwaka 2021 Boeing ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 katika makubaliano na Wizara ya Sheria ya Marekani. Kama familia zile zingeishia kusema ni mpango wa Mungu, maswali ya kihisio kile yangeulizwa na wachache. Kumlilia Mungu hakukumzuia Njoroge kumwandama mwanadamu. Pengine ndiko kulikompa nguvu.

Mlango wa pili wa kulitazama jambo hili umo katika Al-Kahf yenyewe. Nabii Musa anafuatana na mja mwenye elimu, ambaye wafasiri humwita Khidr. Wanapanda jahazi la maskini wanaofanya kazi baharini, na Khidr analitoboa. Musa anashtuka: umelitoboa uwazamishe? Mwishoni Khidr anaeleza. Mbele yao kulikuwa na mfalme aliyekuwa akipokonya kila chombo kizima, na jahazi bovu lingeachwa kwa wenyewe. Hakuna kisa kinachofanana zaidi na msafiri aliyecheleweshwa kwa faida yake asiyoijua. Waislamu wa pwani na wa bara hukitaja mara nyingi kwa ajili hiyo, na ni haki yao.

Kuna jambo katika kisa hicho, hata hivyo, ambalo wasimulizi hulipita. Khidr alieleza. Kabla ya kuachana na Musa alimpa sababu ya kila tendo, moja baada ya jingine, na kwa lile la jahazi alitaja wazi kwamba wenyewe walikuwa maskini. Hata yeye, aliyetumwa na mwenye kujua yote, hakumwacha mwenzake na dhara lisilo na maelezo. Afisa wa dirisha hajatumwa hivyo. Akimchelewesha maskini, anadaiwa maelezo zaidi kuliko Khidr, si pungufu. Ofisi inayotoboa jahazi na kunyamaza haiwezi kujificha nyuma ya aya hii.

Na upo wakati afisa huyo anayo maelezo, tena mazito. Tangu mwaka 2022 Wakenya wengi wamerejeshwa nyumbani kutoka Myanmar, vijana waliokuwa wameahidiwa kazi nzuri Thailand, wakavushwa mpaka na kufungiwa kwenye majumba ya utapeli wa mtandaoni. Wengine, wasichana wa vitongoji kama hivi vya Ruiru na Makongeni, wamekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani kwa mikataba ambayo hawakuisoma. Kenya ina sheria dhidi ya biashara ya binadamu tangu mwaka 2010, na dirisha la uhamiaji ni mahali pa mwisho ambapo mtu anaweza kuulizwa kwa upole: mwajiri wako ni nani, umewahi kuzungumza naye, mkataba uko wapi? Msichana anayezuiliwa pale na kukosa ndege yake, akaketi kwenye benchi akilia, huenda kweli ameepushwa na kitu. Lakini kilichomwepusha ni maswali ya mtu aliyemakinika na kazi yake. Ucheleweshaji wa namna hiyo una uso na una sababu; msichana akiuliza, ataelezwa. Ni jahazi lililotobolewa na mtu anayesema kwa nini.

Tofauti basi si kati ya haraka na polepole. John Mbiti, kasisi na mwanafalsafa aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, aliwakera wengi na kuwafurahisha wengi kwa kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Alidai kwamba Mwafrika wa mapokeo hakuishi kwa kuitazama kesho ya mbali, bali alikaa ndani ya Sasa iliyokuwa ikitiririka kwenda Zamani, na kwamba mgeni anayemwona ameketi akidhani anapoteza wakati hajaelewa. Yule anaungoja wakati, au anautengeneza. Wanafalsafa wengine, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, walimpinga wakisema Waafrika huifikiria kesho kama watu wengine. Ubishi huo haujaisha. Lakini Mbiti aliona jambo moja sawasawa: kungoja kunaweza kuwa tendo lenye maana.

Nenda kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, huko Ruiru Jumamosi yoyote. Wageni wa bwana harusi husimamishwa langoni, huimba, hujibiwa kwa nyimbo, huimba tena. Jua linawachoma wazee waliovaa makoti. Hakuna anayelalamika, kwa sababu kungoja huko ni kwa pande zote mbili, na kila dakika inajenga ukoo mpya. Foleni ya uhamiaji haina wimbo. Mmoja anangoja, mwingine anangojewa, na anayengojewa hapotezi kitu.

Nchi hii inajua historia ya kungoja kwa upande mmoja. Tangu mwanzo wa miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, cheti cha utambulisho, akikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, na Harry Thuku, mwana wa Kambui, si mbali na Ruiru, alikamatwa Machi 1922 baada ya kukipinga hadharani pamoja na kodi na kazi za shuruti. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia Oktoba 1952, Mkikuyu wa Thika hakuweza kwenda mbali bila kibali. Na uwanja wenyewe wa Embakasi, uliofunguliwa na Gavana Evelyn Baring mwaka 1958, ulijengwa kwa jasho la maelfu ya mahabusu wa Mau Mau. Watu walionyimwa ruhusa ya kuvuka mto walisawazisha ardhi ambayo wengine wangepaa kutoka juu yake. Leo unaitwa kwa jina la Jomo Kenyatta wa Gatundu, ambaye naye siku ulipofunguliwa alikuwa amefungwa mbali kaskazini. Wajukuu wa mahabusu wale husimama pale wakiwa na pasipoti zao mkononi. Kuwaambia wavumilie tu, bila sababu kutolewa, ni kuwaambia jambo ambalo nyanya zao waliambiwa.

Katiba ya mwaka 2010 ilikusudia kuvunja mazoea hayo. Ibara ya 39 inampa Mkenya haki ya kuondoka nchini. Ibara ya 47 inampa haki ya kuhudumiwa na ofisi za umma kwa wepesi, kwa ufanisi na kwa haki, na Bunge likaitungia sheria yake mwaka 2015. Ni maneno yenye uzito, ingawa ni wachache waliowahi kuyafikiria wakiwa ndani ya zile kamba.

Si Kenya peke yake inayohangaika na jambo hili. Tarehe 12 Oktoba 2025 nchi 29 za Ulaya zilianza kuandikisha alama za vidole na sura za wageni wa muda mfupi mpakani, na Mkenya anayekwenda huko kwa wiki mbili kumtembelea ndugu sasa ana mstari mrefu zaidi. Kwa miaka mingi alikuwa na wa ziada pia: abiria wa Ryanair asiye raia wa Ulaya alitakiwa kwanza kwenda kaunta kugongewa muhuri wa ukaguzi wa hati, wakati jirani yake mwenye pasipoti ya Ulaya alikwenda moja kwa moja kwenye ukaguzi wa usalama. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2004 inayowalipa abiria wa ndege zilizochelewa haimgusi aliyecheleweshwa na mpaka. Ndege yake iliondoka kwa wakati, basi kwa hesabu za sheria hiyo hakuna aliyekosa.

Lakini mwaka 2022 uwanja wa Schiphol, Amsterdam, ulifanya jambo ambalo lingefaa kusimuliwa Thika kama linavyosimuliwa lile la Mavropoulos. Foleni za ukaguzi wa usalama zilikuwa zimefika nje ya jengo kwa upungufu wa wafanyakazi. Uwanja ulikubaliana na mashirika ya kutetea watumiaji kwamba walioachwa na ndege kati ya tarehe 23 Aprili na 11 Agosti kwa sababu ya foleni hizo wangeweza kudai gharama zao. Ofisi ilitazama mstari wake wenyewe na kusema: huu ulikuwa wetu. Waliolipwa walikuwa huru kumshukuru Mungu au kutomshukuru. Walichopata ni kwamba hakuna aliyemtumia Mungu kuwanyamazisha.

Luka huyohuyo, katika sura ya 18, anasimulia habari za mjane aliyemwendea kadhi mwovu tena na tena akidai haki yake, mpaka kadhi akachoka na kumpa. Yesu aliwasimulia wanafunzi kisa hicho kuwafundisha kusali bila kukata tamaa. Ni jambo la kuzingatiwa na kila kikundi cha maombi cha mtaani: alipotafuta mfano wa sala, alimchukua mwanamke mwenye malalamiko mbele ya ofisi. Anayesali na anayelalamika si watu wawili.

Kenya ina Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama ofisi ya Ombudsman, iliyoundwa mwaka 2011 kupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, bila malipo. Barua ya msafiri aliyeachwa na ndege haihitaji kuwa ndefu. Iwe na tarehe, saa aliyoingia kwenye mstari na saa aliyogongewa muhuri, nambari ya ndege, nakala ya pasi ya kuabiri, na bei ya tiketi iliyopotea. Mwisho iulize madirisha mangapi yalikuwa na maafisa saa ile, nani alipanga zamu, na kwa nini.